Boya Nililomvua Mke Wangu

Msinitafutie shetani wa kumsingizia, wala msiseme ni ziwa. Ziwa lilikuwa ziwa tu. Mimi ndiye niliyemvua mke wangu boya, kwa mkono na mdomo wangu, na kilichonituma ni wivu.

Jina lake silitaji. Hapa nitamwita Nyanjura. Yeye ni Mjita wa Ukerewe, mimi Msukuma wa Usagara, ambako maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Tulipanga chumba Kirumba. Ilikuwa ile miaka viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kuchipuka Mwanza, naye akapata kibarua huko. Mimi niliuza mitumba.

Alikuwa mzuri, jamani! Na mimi nilikuwa na wivu wa kijinga. Akichelewa kutoka zamu, nilimnusa kanga. Muuza maji akimsalimia kwa kutabasamu, kesho yake nilitafuta muuza maji mwingine.

Aliyeninyima usingizi zaidi ni Masatu, nalo pia si jina lake. Alitoka kijiji kimoja na mke wangu, na alikuwa na boti ya mbao yenye injini ya kubandika nyuma. Siku za kazi alikusanya sangara visiwani. Jumapili aliiosha boti, akapanga mabenchi, akawapeleka watu kutembea kwenye kisiwa kilicho mbele ya mji, wakale nyama choma na kucheza muziki wa kaseti.

Mimi aliniita shemeji, kwa adabu zote. Lakini na Nyanjura waliongea Kijita. Hapo ndipo nilipoungua! Kijita changu kinaishia kwenye salamu. Wakicheka, nilijua ni mimi ninayechekwa. Nikimuuliza mke wangu walikuwa wanasema nini, ananijibu, habari za nyumbani. Habari gani za nyumbani zinachekesha kiasi hicho?

Jumapili moja Nyanjura akaniomba na sisi twende kisiwani kama watu wengine. Nikakubali. Nilijisemea, heri niende nimlinde kuliko aende peke yake siku nyingine.

Kabla hatujaondoka Masatu alitoa maboya, yale makoti ya rangi ya chungwa yanayomfanya mtu aelee. Alisema wasiojua kuogelea wavae kwanza. Mimi nikasema najua. Uongo mtupu! Nisingeweza kukiri mbele ya yule bwana. Nyanjura akavaa. Kamba zilimsumbua, basi Masatu akainama akamfungia mwenyewe, vidole vyake vikipita kifuani kwa mke wangu, huku wakisemezana Kijita.

Nilivumilia mpaka boti ilipoondoka. Kisha nikamsogelea sikioni.

"Vua hilo koti la mwanaume."

"Ni boya hili, si koti."

"Nimesema vua."

Alivua. Nikalichukua nikalikalia, ili asije akapata wazo la kulivaa tena. Masatu aliona yote kutoka nyuma kwenye injini, akamwambia neno kwa Kijita. Nyanjura alinitazama mimi.

Tulipoyapita mawe ya pwani upepo ukaanza kuvuma. Watu walikuwa wamejazana mbele karibu na redio, chupa mkononi. Mawimbi yalianza kuturushia maji. Mara Masatu akaita tena, kwa Kijita, taratibu, kama mtu anayeita mpenzi wake. Ndivyo nilivyosikia mimi. Na mke wangu akainuka, akapita ameinama akishika mabega ya watu, akaenda kukaa miguuni pake.

Nikasimama. Nilisimama wima ndani ya boti kama niko chumbani kwangu!

"Shemeji, kaa chini," Masatu alisema. Safari hii kwa Kiswahili, watu wote wakasikia.

Aniamrishe yeye? Nilikwenda hadi nyuma, nikamkamata Nyanjura mkono nimvute. Watu wakageukia upande mmoja kutazama ugomvi. Boti ikalala, wimbi likaingia, na sote tukawa majini.

Nilimeza maji mpaka nikaona mwisho wangu. Nilipoibuka, kitu cha rangi ya chungwa kilikuwa mbele ya pua yangu. Lile boya. Nikalikumbatia.

Boti ilielea tumbo juu, watu wameing'ang'ania. Nyanjura alikuwa ukingoni, mkono unateleza kwenye mbao, na Masatu amemshika kitenge asizame. Toka nilipokuwa hadi kwao si mbali, kama kutoka kitandani hadi mlangoni.

"Shemeji, msogezee mkeo boya!"

Nilisikia. Na Nyanjura alikuwa ananiangalia usoni. Haya ndiyo ambayo sijamwambia mtu hadi leo: woga ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine, nilimwona ameegemea kifua cha Masatu, na moyo wangu ukasema, si anaye wa kumshika? Nikabaki na boya langu.

Wavuvi waliokuwa wanarudi walituokoa. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Tulipofika nchi kavu Nyanjura aliniuliza neno moja: "Ulisikia?" Nikamjibu upepo ulikuwa mkali, sikusikia kitu.

Na bado, mwenzenu sikuishia hapo! Maji hayajanikauka mwilini, nikamuuliza mke wangu, Masatu alimwambia nini kule kwa Kijita.

"Aliniambia boti imeelemea mbele, nirudi nyuma na wengine nao niwaite mmoja mmoja, watu wasishtuke," alisema. "Na kabla ya hapo aliniambia nivae boya, yeye atakuomba radhi kwa kunifungia kamba."

Wiki haikuisha, kaka zake wakaja. Alichukua vyombo vyake na nguo zake. Boya, ambalo nilikuwa nimerudi nalo nyumbani bila hata kufahamu, alilitandaza kitandani, upande aliokuwa akilala yeye.

Mkidhani aliolewa na Masatu, hapana. Hapo angalau ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Aliolewa na mwalimu wa Geita. Mwaka jana niliwaona Busisi kwenye pantoni. Abiria wote wamesimama bila boya, wanapiga soga, na yeye anamfunga mumewe kamba za boya kifuani, moja moja, anazikaza. Watu walikuwa wanacheka. Yule mwalimu naye anacheka, lakini ametulia anafungwa. Mimi, kwa wivu, nikageuka nikaangalia maji.

Siku hizi vijana wa mjini wakimwona mtu mjinga wanamwita boya. Mimi nikilisikia naitika moyoni.

Wewe unayekwenda kutembea ziwani na mwenzio, ukipewa boya vaa, hata kama aliyekupa humpendi. Ukiambiwa kaa, kaa. Kama huwezi kuogelea, sema huwezi. Na kama una wivu, shuka nao boti ikiwa bado haijaondoka.