Filamu ya Mama Manka

Mwanangu, ipo siku moja ya msimu wa kahawa huku kwetu Masama ambayo nikiikumbuka naona aibu, na papo hapo namshukuru Mungu. Kaa nikusimulie, na hiyo simu iweke chini kidogo. Jana nilikusikia ukimtumia mwenzio ujumbe wa sauti, unamwambia tamthilia anayoipenda ni takataka na anayeitazama hana akili. Ukacheka mwenyewe. Mimi sikucheka.

Enzi za usichana wangu televisheni hatukuwa nayo. Filamu ilikuwa Moshi mjini, kwenye ukumbi wa sinema, na aliyetuletea huku mlimani ni jirani yetu, Mama Manka. Kila Jumamosi alishuka kuuza ndizi sokoni, na zikiisha mapema anaingia kutazama filamu ya Kihindi. Kihindi chenyewe hajui hata neno! Jumatatu tukikutana kuchuma kahawa, maana tulichumiana kwa zamu, leo kihamba cha huyu, yaani shamba lake la nyumbani, kesho cha yule, yeye ndiye msimulizi. Weee! Atalia kama mama mkwe, ataimba, atapigana na majambazi huku kikapu kiko kiunoni. Debe lilijaa bila mtu kuusikia mgongo.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari mjini, kichwa kimejaa upepo. Filamu aliyoisimulia siku hiyo nilikuwa nimeiona. Akafika pale mama wa yule kijana shujaa amelazwa hospitali, hajitambui. Akasema, "Basi yule mama akafungua macho, akaomba chai."

Nikadakia, "Uongo! Yule mama anakufa. Na filamu yenyewe mbovu, wanaoipenda ni wasiojua sinema."

Mwanangu, pale kati yetu alikuwapo Ndeshi, msichana wa rika langu, na mama yake mzazi alikuwa amelazwa Moshi wiki ya tatu. Nilijua. Sote tulijua. Ila nilitaka kuonekana mjuaji, nikamsahau mtu aliyesimama hatua mbili tu kutoka nilipo. Ndeshi akaweka kikapu chini, akaondoka kupitia migombani. Mama Manka akaikatiza filamu. Tulichuma hadi jioni bila simulizi, na kesho yake vilevile, na kazi ikawa nzito kweli.

Mama yangu aliposikia hakunichapa, na heri angenichapa. Aliniambia, "Umesoma hadi ulimi umekuzidi urefu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Akanipeleka mpakani mwa kihamba, akakata majani mawili ya isale, kila moja akalifunga fundo. Wewe umekulia mjini, huenda hujui: kwetu sisi ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akiletewa hana budi kusamehe. Ndeshi alilipokea lake akitazama pembeni. Nikaenda kwa Mama Manka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mwanangu. Sasa hebu niambie, wewe katika filamu ile ulipenda nini?"

Dosari nilikuwa nazo kumi, nilichokipenda sikuwa nacho hata kimoja. Akacheka, akasema, "Basi kesho utasimulia wewe."

Kesho yake nikasimama kati ya mibuni, nikaanza. Ndeshi alikuja. Nilipofika pale pa hospitali wanawake wote wakaacha kuchuma. Nikasema, "Yule mama akafungua macho, akaomba chai."

Ndeshi akanitazama. "Najua hakuyafungua," akasema taratibu. "Lakini mtilie na sukari, halafu uendelee."

Nikamtilia sukari. Nikampa na mkate. Tulicheka tukilia, mwanangu, na simulizi ile niliinyoosha hadi jua likazama.

Mama yake Ndeshi alifariki kabla kahawa haijaisha. Siku ya matanga Ndeshi alinishika mkono, akaniambia zile siku za kuchuma na kusimuliana ndizo zilizomvusha. Ndiye huyo Mama Eliaichi unayemjua, rafiki yangu hadi leo. Ningeweza kumpoteza kwa sentensi moja. Kila nikimwona namshukuru Mama Manka, Mungu amrehemu, aliyenisamehe halafu akanifundisha.

Sikukatazi kuwa na maoni. Mimi mwenyewe majirani hunisikia nikigombana na televisheni, namkaripia yule mke mdogo wa tamthilia ya saa moja kana kwamba ananisikia. Penda, chukia, bisha upendavyo. Lakini kabla hujamwambia mtu kwamba anachokipenda ni takataka, muulize kwanza anakipendea nini, na usikie jibu lake hadi mwisho. Filamu haina moyo wa kuumia. Mwenye moyo ni mtu aliyekaa karibu nawe. Mpigie mwenzio leo, usimwandikie. Huna isale huko mjini, lakini kinywa unacho.

Nenda kwa heri, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona jema kabla ya baya, na ulimi unaojua nani anasikiliza. Na siku mimi nitakapolazwa, maana umri huu hauna ahadi, akujalie mtu mwema wa kukaa kando yako na kukusimulia lolote.