Nilishinda Njaa Badala ya Bwana Yangu Siku ya Skani

Rafiki yangu unayesoma hii, sogea karibu, sababu hii neno siwezi kusema mbele ya kanisa nzima. Kosa ni yangu. Si ya daktari, si ya shetani. Yangu!

Bwana yangu alianza kuwa na macho ya manjano na mwili kumuwasha. Sisi tuko Bwera, daktari wa hapo akatutuma Kasese kwa skani, ile masini ya kuangalia ndani ya tumbo. Daktari alieleza vizuri: tangu jioni ya jana yake mugonjwa asikule kitu, sababu akikula, kifuko ya nyongo inajikunja na hewa inafunika kila kitu.

Nilielewa kabisa. Lakini mutu amekonda vile, nimunyime chakula?

Sasa, katika kikundi yetu ya maombi, mugonjwa akikosa nguvu ya kufunga, wenzake wanafunga kwa ajili yake. Miaka mingi tumefanya hivyo, Mungu hajakataa. Nikaita bamama sita. Sisi saba tukalala njaa. Bwana yangu nikamupikia bundu, ule ugali ya muhogo, na maharagwe, asubuhi nikaongeza chai ya maziwa!

Kufika Kasese, daktari wa skani akauliza kama mugonjwa amekula. Nikajibu, "Daktari, tumefunga sana." Na rozari iko mukononi. Aibu gani hii!

Akamupaka ile mafuta ya baridi, akapitisha chombo huku na huku. Akageuza masini nione.

"Mama, hii yote ni chakula."

Kabla sijafungua kinywa, bwana yangu akasema, "Ni maharagwe tu, daktari. Nyama hapana."

Nikaeleza habari ya bamama saba. Sista, yule muuguzi wa pale, akatoka inje kucheka, tukamusikia mpaka ndani. Daktari hakucheka. Alisema kando ya mufereji wa nyongo anaona kitu nene, lakini hewa inamuzuia kujua kama ni uvimbe ama mishipa ya damu. Kama ni mishipa, na mutu apasue akizani ni uvimbe, damu itatoka mpaka bwana yangu afe pale kitandani.

Nilikaa chini. Uongo yangu ilitaka kuua mutu!

Tukarudi kesho yake. Safari hii alilala njaa yeye mwenyewe, na akanilazimisha nikule mbele yake, anihesabie matonge. Sijawahi kumeza bundu nzito vile.

Daktari akawasha rangi kwa masini. Kando ya mufereji kukajaa nyekundu na bluu: damu inatembea! Ni mishipa, imefura na kujizungusha kama kamba ya viazi. Akaandika kwa karatasi kwamba hapo pasiguswe na kisu, akatutuma kwa daktari mukubwa wa maini. Leo bwana yangu iko kwa dawa, bado anajikuna, lakini iko.

Bamama sita niliwaomba musamaha moja moja. Moja bado ananiuliza njaa yake ilienda wapi.

Mama mwenzangu, omba, piga magoti, funga hata wiki. Lakini daktari akisema mugonjwa asikule, tumbo ni ya mugonjwa, si yako. Na akiuliza, sema ukweli.

Tafazali usibaki na hii peke yako. Usomee jirani, usomee kikundi yako ya maombi, na yule anayepika vizuri zaidi umusomee mara mbili.