Baiskeli ya Pembe na Stroberi za Mama

Naikumbuka vizuri sana siku niliyopelekwa Mwembesongo, kule mjini, kununua baiskeli, nikarudi mlimani na ileile niliyoapa kuwa siitaki. Weka chini hiyo simu, mjukuu wangu. Umenionyesha picha mbili, moja ya baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nyingine yenye usukani ulionyooka, ukaniuliza uchukue ipi. Sikuchagulii. Nitakusimulia yangu, na katikati nitajisifu, wala usinizuie. Mwaka ule nilishinda, na sina mpango wa kulificha jambo hilo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo baiskeli tuliyoijua ni ile nyeusi ya Kichina, nzito, ya kupatikana kwa kibali, na mwenye nayo alilifunika tandiko kwa nailoni lisije likachakaa. Mara mjini pakajaa nguo za mitumba, redio na masufuria, na pale Msamvu mabasi ya watu binafsi yakaanza kugombea abiria. Baiskeli nazo zikaja, zimeshatumika Ulaya, zimefungwa mafungu mafungu kama kuni.

Sisi tulikaa juu, kwenye kijiji cha misheni, mahali ambapo ukungu hauna haraka ya kuondoka. Mama yangu alikuwa amepanda stroberi, miche kapewa na masista. Sasa uelewe jambo moja la kwetu Waluguru, maana ninyi wa mjini mmeanza kulisahau. Shamba ni la ukoo wa mama, na anayeligawa ni mjomba. Mjomba Apolinari, kaka mkubwa wa mama, alimpa mama matuta yale kwa msimu mmoja ajaribu. Ndugu walinung'unika. Walisema hilo ni tunda la kuchezea watoto, na kwamba pale pangelimwa maharage watu wakashiba. Mjomba akawajibu wasubiri. Stroberi zikileta faida, matuta yatabaki kwa mama. Zisipoleta, zitang'olewa na shamba litapewa mwingine.

Na zilikuwa hazileti kitu. Tulichuma alfajiri, tukashuka na vikapu kichwani hadi kwenye barabara ya lami, na hapo tulimkuta dalali mmoja na lori lake. Yule bwana hakuwa na papara. Alikunywa chai yake, akapiga soga na dereva, akangoja jua lipande na stroberi zianze kulegea. Ndipo alipotaja bei. Mama alirudi nyumbani na chumvi na kipande cha sabuni.

Siku nilipokwenda Msamvu kumsindikiza shangazi, nikakutana na Mama Zuhura, mfanyabiashara wa Dar aliyekuwa akipeleka matunda kwenye mahoteli. Nikamweleza habari za stroberi zetu. Akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Niletee hapa kabla basi la kwanza halijaondoka. Nikikuta bado zina ubaridi wa mlimani, nachukua zako msimu mzima. Nikikuta zimetoa maji, mimi na wewe tusijuane."

Kwa miguu haikuwezekana. Magari ya upande wetu nayo yalianza kutembea wakati basi la kwanza limeshafika Chalinze. Mama akafikiri usiku kucha, asubuhi akauza nguruwe wake. Akaniambia, "Modesta, nenda na mjomba wako mkatafute baiskeli." Nguruwe yule alikuwa ndiye akiba yake yote, mwanangu.

Muuzaji wa Mwembesongo aliitwa Abdala, mtu mcheshi, fundi pia wa baiskeli. Akatoa ya kwanza. Ilikuwa ya bluu, usukani umenyooka, ina madigadi ya kuzuia matope, taa, kengele, kikapu kizuri mbele na tandiko pana la kukaa kama kochi. Nilipoiona moyo uliruka. Nilijiona Jumapili mbele ya kanisa, gauni limetulia, kengele inalia, na wasichana wenzangu wanameza mate.

Mjomba akaulizia nyingine. Abdala akaingia ndani, akarudi na kitu chembamba kilichochubuka rangi, tairi nyembamba, tandiko la kukalia ndege, na zile pembe zimepinda kuelekea chini.

"Hii ya resi, mzee," alisema Abdala. "Ya vijana wenye haraka zao. Huyu binti ainame hivi barabarani, watu si watashangaa? Mchukulie ya bluu."

Nami nikadakia. "Mjomba, naomba ya bluu."

"Ipande kwanza," alisema mjomba.

Nikaipanda. Nikazunguka uwanjani napiga kengele pasipokuwa na mtu wa kumpigia. Nikashuka nacheka.

"Vizuri. Sasa inyanyue, iweke begani."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaivuta ile ya bluu, ikafika magotini ikagoma. Nikajaribu tena mpaka kikapu kikanigonga kidevu, na vijana waliokuja kujaza upepo wakaangua kicheko.

"Haya, na hiyo nyingine."

Nikaishika ya pembe kwa bomba la juu, na kabla sijajipanga ilikuwa begani. Nilikasirika kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mjomba akaniuliza, "Kutoka kwa mama yako hadi kwenye lami, ni wapi utaipanda?"

Nikaipita njia nzima kichwani. Mawe, ngazi za udongo, kijito na gogo la kuvukia, kisha mawe tena. "Hakuna mahali, mjomba."

"Basi kabla haijakubeba, utaibeba. Na wakati wa kurudi utaibeba tena, mlima wote. Mimi ujana wangu nilifuatana na padri kwenye vigango vyote, yale makanisa madogo ya huko juu. Yeye baiskeli yake aliipanda kidogo tu. Mimi niliibeba sana. Naijua baiskeli kwa bega."

"Si nitaiacha huko chini kwa watu?"

"Uiache kwa nani? Asubuhi utaambiwa imeazimwa, imekwenda msibani."

Nikabisha bado, maana nilikuwa mbishi, na hilo umelirithi. Nikamuuliza nitaonekanaje nimeinama vile mbele za watu. Hapo ndipo aliponikaripia, tena bila kupaza sauti.

"Modesta, unachagua kwa macho ya watakaokutazama ukipita. Hao watakutazama kidogo, halafu watashika njia zao. Mwenye bega utabaki wewe." Kisha akamgeukia Abdala. "Hizi pembe zigeuze zitazame juu, akae wima. Hilo tandiko libadilishe. Funga karia nyuma, tafuta tairi nene kadiri fremu itakavyokubali. Hayo yote yanageuzwa. Uzito haugeuzwi. Au una spana ya kupunguza uzito?"

Abdala akacheka mpaka akashika tumbo. "Hiyo spana sina, mzee." Akainama, akaanza kulegeza nati.

Nilipanda mlima nimenuna, pembe zinatazama mbinguni, na kijijini wakaniuliza kama nimenunua baiskeli au nimenunua beberu. Hata kaka yangu alicheka, ingawa suruali niliyopanga kuvaa chini ya gauni ilikuwa yake. Mama peke yake hakucheka. Aliizunguka ile baiskeli, akaligusa tandiko, akasema, "Nguruwe wangu amekonda." Halafu akaingia jikoni. Nilijua anaogopa, na mimi niliogopa zaidi yake.

Siku ya kumpelekea Mama Zuhura, mvua ilikuwa imenyesha. Tulichuma mara tu macho yalipoweza kutofautisha nyekundu na kijani, tukazilaza stroberi kwenye majani ya mgomba. Kikapu kichwani, baiskeli begani, mama nyuma yangu. Tulipofika kijitoni, maji yalikuwa yamejaa, yanalamba gogo kwa chini. Nikasimama.

"Usitazame maji," alisema mama. "Tazama unapokanyaga."

Nikavuka. Hatua fupi, mkono mmoja juu ya kikapu, mwingine kwenye fremu, na ile baiskeli imetulia begani kwangu kama mtoto aliyeshiba. Ile ya bluu ingenitia mtoni, nasema wazi. Katikati ya gogo ndipo nilipomwelewa mjomba wangu, na hasira yote ikaniisha palepale juu ya maji.

Kwenye lami dalali alikuwa ameegemea lori, kikombe mkononi. "Wee binti, lete hapa hizo! Utafika wapi na hilo dude lako?" Sikumjibu. Nikafunga kikapu kwenye karia kwa mipira ya tyubu, nikapandisha gauni juu ya suruali ya kaka, nikaketi. Mwanangu, ile baiskeli ilikuwa imezaliwa kukimbia na mimi sikujua! Barabara ilishuka kuelekea mjini, lami imelowa, nami nimekaa wima nashika pembe zangu, breki ziko vidoleni, upepo unaniingia mpaka mbavuni. Nilipiga kelele kwa furaha, peke yangu, barabarani. Waliokuwa wakifungua maduka Mwembesongo walisimama kunitazama. Mjomba alisema kweli, walinitazama kidogo tu, wakaendelea kufungua maduka.

Msamvu nilikuta basi linanguruma na konda anapiga bodi kwa kiganja. Mama Zuhura alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo, mama! Nimezileta!"

"Konda, ngoja!" alisema. Konda akaanza kulalamika, Mama Zuhura akamkata jicho moja tu. Akafunua jani la mgomba, akachukua stroberi ya chini kabisa, maana alikuwa mjanja, akaing'ata.

"Bado zina umande," alisema.

Nimeambiwa maneno mengi mazuri maishani. Nimefunga ndoa kanisani, nimejifungua salama na kuambiwa hongera. Lakini maneno yale matatu ya Mama Zuhura bado yananipasha moto kifuani. Akanilipa palepale, akauliza, "Keshokutwa utakuja?" Nikamwambia nitakuja. Na nilikuja, msimu wote, mvua na jua. Kila nilipompita dalali alitaja bei kabla sijafika, na kila siku bei yake ilikuwa nzuri kuliko jana. Kengele sikuwa nayo, kwa hiyo nilimpigia mluzi.

Msimu ulipokwisha, mjomba aliwaita ndugu wote palepale kwenye matuta. Hakuhutubia. Aliuliza tu, "Nani yuko tayari kuzing'oa?" Mama mdogo mmoja, aliyenung'unika kuliko wote, akakohoa, akamwomba mama miche. Mama akampa, tena kwa maringo kidogo, alistahili. Kisha mjomba akatamka mbele ya wote kuwa matuta yale ni ya mama na binti zake. Mama akajifunika uso kwa khanga akalia, na mimi nikalia naye, nikiwa nimeishika baiskeli yangu kwa pembe. Miaka iliyofuata, Abdala aligeuza pembe za baiskeli nyingi za wanawake wa mlimani, mpaka akawa anatuuliza mjomba atakuja lini kudai fungu lake la faida.

Ile ya bluu ilinunuliwa na muuza mikate wa Kihonda, kule kwenye tambarare. Nilimwona nayo miaka mingi, kikapu kimejaa, kengele inalia. Sikuwahi kuicheka. Kwa njia yake na mzigo wake, hakukosea hata kidogo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usianze na baiskeli. Anza na njia unayoipita kila siku na mzigo utakaoupitisha. Kisha tenga yanayogeuzwa na yasiyogeuzwa. Usukani unageuzwa, tandiko linabadilishwa, rangi inapakwa, na maneno ya watu yanaisha yenyewe. Usikose usingizi kwa hayo. Tafuta lile ambalo hakuna fundi atakayekusaidia baada ya kununua, ulipime kwa mwili wako mwenyewe, na ulipime mahali pagumu kuliko pote. Mimi nilipima uwanjani kwa Abdala nikafurahi, lakini njia yangu ilikuwa na gogo. Na usidhani ni baiskeli tu. Siku utakapomleta mchumba hapa nyumbani, nitakuuliza swali hilohilo, kwa hiyo jiandae.

Wewe unaishi Kihonda, kazi yako iko mjini, ngazi za nyumba yenu nimezipanda na magoti yangu yanazikumbuka. Chumba chako kiko juu kabisa. Hizo ngazi ndizo gogo lako.

Mungu wa mama yangu na wa mjomba Apolinari akupe mzigo wenye thamani, akupe njia ya kuufikisha, na akupe bega lisilochoka. Akuweke mbali na madalali. Stroberi hizi unazokula na kunidondoshea kwenye kitambaa cha meza zimetoka kwenye matuta yaleyale, na baada yangu ni ya mama yako, na baada yake ni yako, mjukuu wangu. Haya, nenda dukani. Na kabla hujaipanda, inyanyue.