Mtani Aliyenililia Msiba Siku ya Ubatizo Wangu

Aibu hii sina sababu ya kuificha, maana nikiificha watu wa Nambilanje watawaletea wenyewe, tena kwa chumvi, kwa hiyo heri muisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Wakati ule nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, Nachingwea, tunang'oa visiki nyuma ya matrekta, na Jumapili nakwenda misheni kufundishwa dini kwa sababu mbili, ya kwanza Mungu, ya pili Agnesi (na Mungu anisamehe, kuna Jumapili ile ya pili ilikuwa inatangulia). Baba yake Agnesi, Mzee Kasiani, nyumba yake inaimba nyimbo za dini tangu alfajiri, na alishasema binti yake hampi mtu asiyebatizwa. Basi nikakariri katekisimu yote, hata ukiniuliza usingizini najibu. Tatizo lilikuwa uso. Mimi nimezaliwa na uso huu mnaouona, umenuna wenyewe bila kuudhiwa na mtu, na Pasaka iliyotangulia Padre alinirudisha nyuma kwa ajili yake. "Majibu unayo," akaniambia, "furaha huna. Mtu aliyempata Kristo hasimami kama anayesubiri kung'olewa jino." Mzee Kasiani naye akaongeza lake: "Ukirudishwa tena mwaka huu, kijana, kuna mwalimu wa Chiola keshaleta washenga." Usiku sikulala.

Sasa kazini nilikuwa na mtani, Saidi, Mngoni, Mwislamu wa swala tano, na utani wa Mngoni na Mmwera mnaujua wenyewe, babu zao walituteka babu zetu na sisi mpaka leo tunalipizana kwa maneno. Akawa ananicheka: "Wewe na uso huo uende mbinguni? Si utawaharibia sherehe!" Nikapandwa na kiburi cha mtu aliyesoma kidogo, nikamwambia, sikiliza wewe, katekista katufundisha, Jumamosi Kuu huyu unayemwona anakufa, anazikwa, anafufuka mtu mpya. Saidi akaweka jembe chini. "Anakufa? Na mtani wake ni nani?" Nikamjibu, "Si ni wewe! Kama una ubavu njoo unizike." Jamani, hapo ndipo nilipojiloga. Kwetu mtani ndiye mwenye msiba, anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, analala njiani maiti isipite mpaka apewe kitu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Jumamosi Kuu asubuhi (enzi zile ibada yake ilikuwa asubuhi) tumepangwa nje ya mlango wa kanisa, ndipo ibada inapoanzia, Padre na kitabu chake, Mzee Kasiani mbele kabisa na Agnesi, na mimi nimeuvuta mdomo huku na huku kutengeneza furaha mpaka mashavu yanauma. Mara nasikia, "Uwiii, ndugu yangu! Kafa hajacheka hata siku moja!" Saidi huyo, kajipaka majivu, kavaa shati langu la kazi (kumbe kalichukua kambini), anatembea kwa mwendo wangu na uso kaukunja hivi, watu wakanitambua kwake kabla hata hawajanitazama mimi. Akajilaza kizingitini. "Maiti haipiti!"

Mzee Kasiani akawa mwekundu wa macho. Nikajua Agnesi ndiyo anakwenda Chiola. Lakini Padre alikuwa mwenyeji wa nchi hii, anajua mtani hafukuzwi, akashusha pumzi akasema, "Mpe anachotaka, tuendelee." Alitaka viatu vyangu vipya. Nikaingia kwa Bwana pekupeku.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Huko nje wanawake waliotoka kisimani wakaona majivu, wakasikia kilio, wakatua mitungi na wao wakaangua (kwetu unalia kwanza, kuuliza baadaye). Ndani namwagiwa maji, na navikwa shuka jeupe la wabatizwa, wakati huohuo mama yangu anafika kutoka Nambilanje, mzee asiye Mkristo, Kiswahili chake cha kuokoteza. Anauliza nani kafa, na Saidi, hana haya yule, anamtajia jina langu!

Mama alimpita katekista kama hamwoni. Akanikuta mbele, katikati ya mishumaa, nimevikwa nyeupe, akapiga ukelele kwa Kimwera: nani amemvika sanda mwanangu mimi sijamwona uso? Nikageuka. "Mama, mimi mzima!" Akanishika masikio, akanipapasa pua, akanizaba kofi lililosikika mpaka sakristia, kisha akanikumbatia anasema mwanangu yupo, mwanangu yupo, analia na kucheka, na mimi nikaangua kicheko ambacho sikukivuta kwa mdomo, kimetoka tumboni chenyewe. Nawaambia kweli, katekisimu yote nilikuwa nayo kichwani lakini Pasaka niliielewa pale, kwa mama aliyekuta mtoto wake hakufa.

Kanisa zima likavunjika mbavu. Padre akapangusa miwani: "Mimi nilikuomba furaha, sikukuomba msiba."

Nje Mzee Kasiani akanitazama miguu mitupu, akamtazama Saidi na viatu vyangu, akamwuliza binti yake, "Agnesi, una hakika ni huyu?"

Agnesi kajiziba mdomo na kanga. "Ni huyu, baba. Yule aliyenuna si wameshamzika?"

Akanioa huyo, au nilimuoa, sijui vizuri. Ila tangu siku ile nimeapa, habari za kufa na kufufuka nazungumza na Padre tu, mbele ya mtani sisemi hata kama naumwa kichwa. Na jina langu zuri la ubatizo, Laurenti, halikumaliza wiki. Nambilanje nzima, mama yangu akiwa wa kwanza, wananiita Marehemu, na nikienda kwenye msiba wa watu mwenyeji mmoja akasema, "Marehemu kaja, mpeni kiti," wageni wote wanatafuta njia ya kutokea.