Malimbuko ya Shosho

Juzi lori lilimwaga mchanga kwenye ploti yetu hapa Kimbo, na jua lilipoupiga ukametameta. Binti yangu akapiga kelele, "Mami, dhahabu!" Niligeuza uso.

Alasiri moja utotoni nilishinda mtoni Ruiru, maji yakinifika magotini, nikichekecha mchanga kwenye karai la nyanya yangu, Shosho. Kulinuka maganda ya kahawa yaliyooza. Kila punje iliyong'aa ilinirusha moyo. Zilipojaa kiganja nilikimbia nyumbani nikamwonyesha.

"Ngai!" Shosho alisema, machozi yakimlengalenga. Alizifunga punje zote kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Hii ni malimbuko. Ya kwanza ni ya Mungu."

Nilirudi mtoni kutafuta zaidi. Kijana mmoja aliyekuwa akichota mchanga alinicheka. "We katoto, hiyo ni mawe ya kung'aa tu. Hata suruali yangu imejaa hizo."

Jioni hiyo Shosho alinipakulia mimi kwanza, akaniita baraka ya nyumba. Nilimaliza sahani nzima. Jumapili ilifika kabla sijamwambia maneno ya yule kijana.

Kanisani alitembea mpaka mbele kichwa wazi, kitambaa chake mkononi. Pasta alifungua fundo, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi. Akalifunga tena polepole.

"Mungu akubariki, mama," alisema.

Kanisa zima likaitikia amina, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yangu.