Pori Lenye Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mthamini wa Mkoa alinikabidhi futi kamba, kibao cheusi na kipande cha chaki, akaniuliza, "Binti, mthamini anapima nini?" Nikajibu chapuchapu, "Ardhi na majengo, mzee." Akacheka mpaka akavua miwani. "Ardhi ilikuwepo kabla yako. Wewe unapima jasho la mtu. Usipoliona, umemdhulumu." Nilimwona mzee anajitia maneno mengi. Wasiwasi wangu ulikuwa pikipiki ya ofisi na sketi niliyovaa.

Nyie vijana mnaopima kwa simu hamkijui kibao kile. Mradi ukipita, barabara au bomba la maji, kila mwenye mali alisimama mbele ya nyumba au shamba lake ameshika kibao chenye namba yake, tukampiga picha. Namba hiyo iliandikwa kwenye jedwali la uthamini, yaani orodha ya wote watakaofidiwa. Asiye na namba, mbele ya mradi hakuwa mtu.

Nilianzia Manyoni chini ya Afisa Ardhi mmoja mkali kama pilipili kichaa, aliyenirudisha shambani mara mbili kwa sababu ya mipapai niliyoihesabu nikiwa barabarani. Nikahamishiwa Iramba, nikapanda na kushuka mlima wa Sekenke mpaka magoti yakaanza kulalamika. Nikarudi Singida nikiwa kiongozi wa timu. Kichwa kikavimba kidogo, nisiseme uongo.

Ndipo ukaja mradi wa umeme mkubwa. Nyaya za aina ile zinahitaji mkuza, ukanda mpana usio na nyumba wala mti mrefu. Ukanda ule ulipita kitongoji kimoja pembeni ya msitu wa Mgori. Siku ya kupima, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa msibani, na utaratibu unataka kiongozi awepo pamoja na mwenye eneo. Jua lilikuwa kali, dereva ananung'unika. Nikasema, twendeni tu, tutamaliza wenyewe. Tukafika mahali pasipolimwa, miti mitupu. Nikatazama chini, hakuna zao, hakuna msingi wa nyumba. Nikaandika "pori", tukasonga mbele.

Wiki chache baadaye jedwali likasomwa kwenye mkutano wa kijiji, maana kila mtu ana haki ya kusikia kilichoandikwa na kukipinga. Akasimama mzee mwembamba, koti limechakaa, anaitwa Mzee Ntandu.

"Nimesikia majina ya wote ninaopakana nao," akasema. "Langu sijalisikia."

Mhandisi wa mradi akafunua karatasi. "Pale hakuna kitu, mzee. Ni pori."

Mzee hakubishana naye. Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ulifika?"

"Nilifika, mzee."

"Uliinua macho?"

Mkutano mzima ukaniangalia. Jamani, niliona aibu! Mzee akaeleza kwamba ana mizinga ya nyuki, ile ya magogo, juu ya miti ile, aliyoachiwa na baba yake, na nyuki wamo. Baada ya mkutano mhandisi akanivuta pembeni. "Mama, wakata miti wanaanza Jumatatu. Ukifungua mlango huo, kesho watakuja na viota vya kuku." Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na aliyekosea ni mimi. Wakikata, nyuki watakufa na magogo yao, na mzee atabaki hana mali wala karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuwa nayo.

Nikampigia simu Mthamini wa Mkoa wa wakati huo. Akaniuliza swali moja, "Umekosea?"

"Nimekosea, mkuu."

"Basi rudi pale pale ulipokosea, ukaseme. Misumeno itasubiri."

Asubuhi tukaenda, safari hii na mwenyekiti. Mzee akanionyesha alama iliyochongwa kwenye kila shina, mikato miwili na mmoja umelala juu yake. Ni alama ya baba yake. Kule, mti wenye alama ya mtu hakuna mwingine anayetundika mzinga wake hapo, hata njaa iingie. Akasimama chini ya mti wa kwanza, akainamisha kichwa kusikiliza. "Hawa wakali. Wana asali ya kutosha." Mti wa pili, "Hawa wageni, wamehamia na mvua za kwanza." Wa tatu, "Huu mtupu, wamehama." Sikuamini. Akatupa kamba, akapanda na uzee ule, mwenyekiti na mimi tunapiga kelele ashuke. Akaufungua mzinga wa tatu. Mtupu kweli!

Nikainua macho. Mzinga baada ya mzinga, magogo yametulia matawini, na juu yetu hewa yote inavuma. Miaka yote ile nimepima kuta na mihogo, sijawahi kuona mali inayoishi namna ile, wala mtu anayeijua bila kuigusa. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, hapa ndipo nilipoandika pori.

Nikafuta neno lile, nikatia sahihi pembeni, mwenyekiti akashuhudia. Mzee akashika kibao kwa mikono miwili.

"Sikatai umeme," akasema. "Hata wajukuu zangu wanautaka. Nyuki washushwe kwanza kwa utaratibu wao. Na siku ya kukata, niwepo."

Mhandisi alinung'unika, lakini wakata miti wakaanzia kijiji kingine. Mzee akashusha mizinga jioni baada ya jioni, akaihamishia ng'ambo ya mkuza. Fidia yake ikatoka kabla mti haujaguswa, kama sheria inavyotaka.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Vijana wa ofisi ya ardhi wakija kunijulia hali huniuliza kuhusu haki za wananchi. Nawatajia: kuarifiwa, kuwepo wakati wa kupima, kupinga, kulipwa kabla ya kuondoka. Wanaandika. Halafu nawasimulia siku ile ya kukata, kwa sababu hayo mengine watayakuta kwenye vitabu vyao.

Mitambo ilipangwa mstari, misumeno mikononi, mhandisi na kofia yake ngumu. Mzee Ntandu akapita mti kwa mti, anaweka kiganja juu ya alama ya baba yake. Alichukua muda. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwishowe mhandisi akavua kofia, akamsogelea.

"Mzee, unaturuhusu?"

Mzee akatazama juu. "Mlitaka kukata pori," akasema. "Leo mnakata miti ya Ntandu."

Akasogea kando.

"Haya. Kateni."