Uliwaondoa Msibani?

Nilimwahidi bibi, mama mzaa mama, kwamba picha ile ningempelekea mjomba peke yake. Ilikuwa siku ya pili ya msiba wa babu, Kisarawe. Mjomba alikuwa Mwanza na hakuwahi mazishi. Bibi alikuwa ameingia eda, na mjane wa eda hatazamwi ovyo.

"Mwanangu aone tu kwamba nipo," alisema. "Wengine hapana."

Nikaipiga. Bibi aliketi mkekani, mgongo ukutani, mama zangu wadogo wamembana huku na huku. Viti, kabati na televisheni vilikuwa uani, kama ifanyikavyo nyumba yenye msiba. Mwanga wa dirishani ulimpiga usoni. Nilimtumia mjomba picha nzima. Kisha nikaikata pembeni, wakabaki bibi, ukuta na sakafu, nikaiweka kwenye stetasi ya simu yangu. Niliiona nzuri mno kufichwa.

Miezi miwili baadaye, chuoni Kibaha, katika somo la kuchambua picha na filamu, mwalimu alimulika ukutani picha aliyoikuta mtandaoni. Alikuwa bibi. Chini yake mtu nisiyemjua ameandika: "Watoto wamemtelekeza."

"Mnaona nini?" mwalimu aliuliza.

"Ufukara," alijibu mmoja wa mbele.

"Hata kiti hana, jamani!"

"Watoto wa hivyo walaaniwe," akasema rafiki yangu ubavuni pangu, na darasa likamwunga mkono.

Maneno kama hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe juu ya bibi za watu wengine, nikapewa alama nzuri. Nilisimama nikasema kwamba yule ni bibi yangu, na aliyeikata picha ni mimi. Nikampa mwalimu simu, aitazame nzima. Aliitazama, kisha akazima projekta.

"Nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima kuhusu umaskini wa wazee," alisema taratibu.

Jumamosi nilikwenda Kisarawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda! Huko chuoni hawapiki?"

Nilimweleza yote. Aliishika simu, akaisogeza mbali na macho yake.

"Mama zako wako wapi hapa?"

"Niliwaondoa, bibi."

"Uliwaondoa msibani?" Hakupaza sauti. "Wanangu hawa wamelala na mimi sakafuni, hata bafuni wakinisindikiza. Leo mtu anasema wamenitupa. Na wewe ndiye uliyempa la kusema."

Picha niliyoikata nimeifuta simuni mwangu. Zilizo kwenye simu za watu siwezi kuzifikia.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukitumiwa picha ya bibi aliyeketi mkekani katika chumba kitupu, yenye maneno "Watoto wamemtelekeza", usiisambaze. Ifute, na umwambie aliyekutumia kwamba watoto wake walikuwa wamekaa naye.